Likizo ya siku 14 na mlima wa mita 3,700: niitumieje?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Uyole, Mbeya, mwanamke, miaka 36. Nina miaka minne ya kukimbia na mwaka na nusu wa baiskeli. Mwishoni mwa Juni nina mashindano ya mlimani: siku ya kwanza tunapanda kwa baiskeli hadi kambi iliyo mita 2,700 na tunalala hapo, siku ya pili tunakimbia hadi mita 3,700 na kushuka. Zimebaki wiki 12. Jumapili mbili zilizopita nilikwenda uwanda wa Kitulo, mita 2,600, kwa gari nikakimbia kilomita 18. Kasi yangu, ambayo nyumbani ni dakika 6 kwa kilomita, ilishuka hadi karibu dakika 8. Moyo ulienda mbio, na jioni kichwa kiliniuma nikalala bila kula. Wenzangu wanasema sisi wa Mbeya tumezoea milima, hilo lisingetokea kama ningekuwa na mazoezi ya kutosha. Mmoja ananiuzia barakoa ya mazoezi, mwingine kanipa Diamox, dawa ya ugonjwa wa milimani, na vidonge vya kuongeza damu. Kabla ya mashindano nina likizo ya siku 14. Niende Kitulo kila Jumapili, au nihamie huko likizo yote nijifue kisawasawa?"

Marahaba, mwalimu. Hofu yako naielewa hivi: umefanya kazi miaka minne, umepanda mita 900 tu juu ya nyumbani kwako, na mwili umekukatalia. Sasa unajiuliza itakuwaje mita 2,000 juu ya nyumbani. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba likizo ile uitumie kulala juu, usiitumie kujifua juu. Kazi ngumu yote imalizike Uyole kabla hujafungasha. Sababu zake ni ndefu kidogo, na ukizielewa utaweza kujiamulia mwenyewe mambo mengi ambayo mimi sitayagusa hapa.

Tuanze na hewa yenyewe. Watu husema juu "oksijeni imepungua", na picha inayobaki kichwani si sahihi. Uwe Kyela ufukweni au kileleni Kilimanjaro, oksijeni ni ileile, karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani ule uzito wa hewa iliyo juu yako unaoisukuma oksijeni ivuke kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Ukiuchukulia mgandamizo wa usawa wa bahari kuwa 100, Mbeya mjini kwenye mita 1,700 unapata kama 82. Kitulo, mita 2,600, ni kama 73. Kule utakakogeukia, mita 3,700, ni kama 63. Kwa hiyo wenzako wana nusu ya ukweli: wewe unaishi palipo na 82, na mwenzako wa Dar es Salaam anatoka kwenye 100, umemtangulia hatua. Lakini mwili huzoea kimo unacholala, hauzoei jina la mkoa. Damu yako na upumuaji wako vimepangwa kwa ajili ya mita 1,700. Ukivuka mita 2,500 unaingia eneo ambalo mtu yeyote anaweza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, awe mzaliwa wa Mbeya, Makete au Mtwara.

Na hili la kwamba mazoezi ya kutosha yangekukinga si kweli hata kidogo. Ugonjwa wa milimani hauchagui mwenye mazoezi na asiye nayo. Mara nyingine mwenye mazoezi huumia zaidi, kwa sababu miguu yake inaweza kumpeleka juu haraka kuliko mwili unavyoweza kujipanga.

Sasa kile kichwa chako. Ugonjwa wa milimani kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika kimo kipya, kwa hiyo maumivu ya jioni yanaweza kuwa ndiyo, kwa kiwango chepesi. Lakini kwa mita 2,600, na kukaa kule saa chache tu, mimi ningeanza kushuku vitu vya karibu zaidi: ulikula nini asubuhi, ulikunywa maji kiasi gani, na ulivaa kofia? Baridi ya Kitulo inadanganya. Hausikii kiu, jasho linakauka kabla hujaliona, na jua la juu linachoma kuliko la mjini. Mtu anarudi amekaukiwa huku akiamini hakutoka jasho.

Kasi nayo ina maelezo. Ukishavuka kama mita 1,500, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua takribani asilimia 1 kwa kila mita 100. Kutoka kwako hadi Kitulo hiyo ni asilimia 9 hivi. Dakika 6 kwa kilomita ingekuwa kama dakika 6 na nusu, si 8. Dakika moja na nusu iliyobaki haikuchukuliwa na hewa. Imechukuliwa na vilima, tope la masika, na zaidi ya yote, kuanza kwa kasi ya Uyole. Juu ukivuka uwezo wako katika kilomita tatu za kwanza hulipi polepole kama mjini, kwa sababu misuli ikishajaa uchovu oksijeni ya kuusafisha haba. Ndiyo maana mapigo yalipanda na hayakushuka tena.

Je, uende kila Jumapili? Tupige hesabu. Ukienda kila wiki kwa wiki 12, saa 6 kila mara, jumla ni saa 72, tena zimekatwakatwa. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, huongezeka takribani asilimia 1 kwa kila saa 100 za kukaa juu, na saa hizo zinatakiwa ziwe nyingi kila siku, siku baada ya siku. Homoni inayoamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu hupanda ndani ya saa chache za kufika juu, lakini chembe zenyewe huchukua wiki kukomaa. Ukishuka jioni ileile, amri inafutwa kabla kazi haijaanza. Kwa damu, basi, Jumapili za Kitulo hazikupi kitu. Zinakupa kitu kingine ambacho ni muhimu: kujifunza kwenda polepole bila kuona aibu, kujaribu nguo, kujua tumbo lako linakubali chakula gani kwenye hewa ile. Kwa hayo, Jumapili moja kati ya tatu inatosha. Mbili zilizobaki ufanye milima ya nyumbani.

Na kuhamia kule wiki mbili ukijifua kisawasawa? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mazoezi makali hufanya kazi kwa sababu misuli na moyo vinasukumwa hadi karibu na mwisho wa uwezo. Kwenye mita 2,600 mwisho huo uko chini zaidi. Unahisi umekufa kwa kazi, kumbe miguu imefanya kazi ndogo kuliko ambayo ingeifanya Uyole. Ukirudia hivyo kila siku unapata uchovu wa mbio kubwa na faida ya mbio ndogo, tena wiki moja kabla ya mashindano. Wataalamu wa michezo wana kanuni ya miaka mingi sasa: kaa juu, jikaze chini. Usingizi ndio unaojenga damu na upumuaji, na mazoezi makali hufanyiwa pale penye hewa. Nyanda zetu zimeumbwa kwa ajili ya kanuni hii. Kutoka uwanda wa Kitulo hadi Chimala, kwa ile barabara ya Hamsini na Saba yenye kona zake, unatoka kwenye baridi ya mita 2,600 hadi joto la Usangu, mita 1,100 hivi, ndani ya safari moja ya gari. Mwanariadha wa kulipwa angepanga nyumba Kitulo na kushuka bondeni mara mbili kwa wiki. Wewe una vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo tutaigawa kanuni kwa wakati badala ya mahali: wiki kumi za kwanza unajikaza chini, wiki mbili za mwisho unalala juu.

Wiki kumi hizo ziwe na siku mbili ngumu, si zaidi. Jumanne kimbia kwenye mwinuko wa wastani mara 5 kwa dakika 4, kwa nguvu ambayo ungeweza kusema maneno mawili matatu tu, na katikati tembea au kimbia taratibu dakika 3. Alhamisi panda baiskeli: dakika 12 za kukaza mara 3, mapumziko dakika 5, kwa nguvu ya kusema sentensi fupi. Jumamosi ni baiskeli ndefu, anzia saa 2 na uongeze hadi saa 4 na nusu. Jumapili ni mbio ndefu mlimani juu ya miguu ile iliyochoka jana, kuanzia saa 1 na nusu hadi saa 3. Mfuatano huu wa Jumamosi na Jumapili ndio mashindano yako yenyewe, usiutenganishe. Siku zilizobaki ni kupumzika au mwendo mwepesi, na kila wiki ya nne punguza kila kitu kwa theluthi moja.

Kwa baiskeli naomba jambo moja: usifanyie mazoezi ya kupanda kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, hasa mteremko wa Iwambi. Malori yanayopoteza breki pale hayachagui. Njia za vumbi za kuelekea vijijini zinakupa mwinuko uleule na roho yako inabaki salama. Giya pia ina neno. Ukiwa kwenye mita 2,500 kwenye mwinuko mkali na miguu inazunguka mara 40 kwa dakika, unasukuma kwa nguvu za goti badala ya pumzi. Fundi akuwekee gurudumu la nyuma meno makubwa kiasi kwamba giya nyepesi kabisa inakuwezesha kuzungusha mara 65 hadi 75 ukiwa umekaa. Mwenye duara moja la giya mbele lenye meno 32, nyuma anahitaji 46 au 50.

Kushuka nako kunasahaulika sana. Mlima unapandwa kwa pumzi na kushukwa kwa mapaja. Unaposhuka mbio, misuli ya mbele ya paja inavutwa huku ikikaza, na nyuzi zake huchanika vidogovidogo. Ndiyo maumivu yale ya kushindwa kushuka ngazi siku mbili baadaye. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka: ukishaichana mara moja kwa kiasi, inajikinga kwa wiki kadhaa. Kuanzia wiki ya tano, kila siku kumi hivi, panda mlima Loleza kwa kutembea kisha ushuke ukikimbia dakika 20 hadi 30, hatua fupi za harakaharaka, kiwiliwili kikiwa juu ya miguu na si nyuma yake. Mara ya mwisho iwe siku moja au mbili kabla ya likizo kuanza, isiwe baada ya hapo.

Sasa likizo. Siku ya kwanza panda, utafute chumba kwenye vijiji vya barabara ya Isyonje kwenda Kikondo, au upande wa Matamba juu, palipo kati ya mita 2,400 na 2,700. Simu yako inaweza kukuonyesha kimo. Kaa usiku tisa. Siku mbili za kwanza tembea, endesha baiskeli dakika 30 hadi 45 bila kuhema. Usiku wa kwanza na wa pili utaamkaamka, utakwenda kukojoa mara nyingi, na pengine mwenzako wa chumba atasema unapumua kwa mawimbi, unahema kisha unanyamaza. Hiyo ni kawaida. Upumuaji umeongezeka, damu imepungua tindikali, na figo zinamwaga chumvi fulani kwenye mkojo ili kusawazisha. Kazi hiyo ya figo huchukua siku chache, na ndiyo hasa unayoifuata kule, kuliko hata damu. Siku ya tatu kimbia dakika 45 kwa wepesi. Siku ya tano fanya vilima sita vya dakika moja, upumzike kabisa kati yake. Siku ya saba panda mwendo mrefu wa saa 1 na nusu kwa mazungumzo. Siku nyingine ni kutembea na kulala. Itakuwa karibu nusu ya kazi uliyozoea, na utaona kama unapoteza muda, lakini wiki hiyo ulitakiwa upunguze mazoezi hata kama ungebaki Uyole. Tumeiweka mapumziko yako mahali penye faida.

Siku ya kumi rudi Uyole, ya kumi na moja safiri, ya kumi na mbili jiandikishe na ukague baiskeli, kisha mashindano. Usihofu kwamba basi likipita maeneo ya chini utapoteza yote. Upumuaji uliouzoesha hubaki na wewe kwa siku kadhaa baada ya kushuka. Usiku tisa ni saa 216, kwa hiyo damu imeongezeka labda asilimia 2. Si kubwa, nakwambia ukweli. Faida kubwa ni kwamba usiku wa kambi utalala na kula kama mtu, wakati wenzako waliotoka Dar es Salaam juzi wanahesabu nyota.

Njia mbadala ni kutokwenda Kitulo kabisa, ukafika siku moja kabla na kupanda. Kwa mashindano ya siku moja hilo lina mantiki, kwa sababu unamaliza kabla ugonjwa haujaanza. Yako yana usiku katikati, ndiyo maana silipendekezi. Na kama likizo ikakatwa ukabaki na siku sita tu, usiku nne za Kitulo bado zina thamani. Chini ya hapo baki nyumbani ulale vizuri.

Kuna hatari moja ya Kitulo ambayo haina uhusiano na mlima wako, nayo huua. Juni ni kipupwe, umande unaganda alfajiri, na mtu anashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Moshi usioonekana wa mkaa, kaboni monoksaidi, hauna harufu, na hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kwa mtu aliyekwenda kule kutafuta oksijeni huo ni msiba wa mara mbili. Chukua blanketi tatu, vaa soksi na kofia ya sufu, weka chupa ya maji ya moto miguuni. Jiko libaki nje.

Nije kwenye vitu ulivyopewa. Barakoa usinunue. Haipunguzi mgandamizo wa hewa, inaziba tu njia ya kupumulia. Inaweza kuchosha misuli ya kifua, lakini haimdanganyi mtu kuwa yuko Kitulo, na inakufanya ukimbie Jumanne yako kwa nguvu ndogo.

Diamox, ambayo jina lake la dawa ni asetazolamidi, ni dawa ya kweli na ina kazi yake. Inazihimiza figo kufanya ile kazi ya siku kadhaa kwa haraka. Dozi ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini kwako nasema rudisha. Kwanza, umeshapata njia ya kuzoea bila dawa, na mita 3,700 utafika na kushuka kabla ya saa ambazo ugonjwa huhitaji kuanza. Pili, imo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni kwa sababu inaongeza mkojo, na marufuku hiyo ni ya wakati wote, si siku ya mashindano tu. Uwe mwanariadha wa ridhaa, kama waandaaji wanapima, umeanguka. Tatu, inatia ganzi vidoleni, inakukojoza zaidi, na haiwafai wenye mzio wa dawa za salfa, wajawazito, wala wenye shida ya figo. Dawa ya aina hii haipokelewi mkononi mwa rafiki.

Vidonge vya kuongeza damu ni hadithi nyingine, na hapa nataka unisikilize kwa makini kwa sababu wewe ni mwanamke unayepata hedhi na unayekimbia. Mwili hauwezi kutengeneza chembe nyekundu bila madini ya chuma. Ukienda Kitulo ghala likiwa tupu, zile saa 216 hazizai damu. Lakini kumeza chuma bila kupima ni kosa pia, kwani kikizidi huharibu ini. Omba vipimo viwili: wingi wa damu, na feritini, ambayo ndiyo ghala. Si kila zahanati inapima feritini, hospitali ya rufaa au maabara kubwa za mjini ndiko pa kuuliza. Usipime ukiwa na homa au malaria, wala siku moja baada ya mbio ndefu, kwa sababu feritini hupanda kwa uongo. Ikiwa chini ya 30, zungumza na daktari kuhusu vidonge, na atafute sababu: hedhi nzito, minyoo, malaria za mara kwa mara, au chakula. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Kukimeza siku moja na kuruka siku moja, asubuhi, pamoja na chungwa au pera, mara nyingi hufyonzwa vizuri na kuliumiza tumbo kidogo kuliko kila siku. Chai iwe mbali nacho kwa saa moja au mbili. Najua kumwambia mtu wa Mbeya aahirishe chai ya asubuhi si jambo dogo, lakini chai na maziwa huzuia chuma kisiingie.

Omba pia kipimo cha selimundu kama hujawahi kupima. Wapo wengi waliorithi kwa mzazi mmoja tu, wazima kabisa, hawajui. Mtu wa namna hiyo anaweza kukimbia, lakini kimo kikubwa pamoja na kazi nzito vinaweza kumletea maumivu makali ya wengu, juu ya tumbo upande wa kushoto, na inambidi aende polepole, anywe maji, na asimame mara tu anapohisi hivyo. Mwenye selimundu kamili asipande bila daktari wake.

Chakula nipite haraka. Juu hamu ya kula hupungua wakati mwili unataka wanga zaidi. Lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kila saa: ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, na lita moja ya maji yenye gramu 60 za sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi inamaliza hesabu. Viazi mviringo vidogo vilivyochemshwa na chumvi ni chakula kizuri cha baiskeli, na wapi vinapatikana kuliko kwetu? Maji kunywa kwa kiu, kama mililita 400 hadi 700 kwa saa. Kunywa kupita kiasi kwa kuogopa mlima hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa na kichefuchefu, hufanana na za mlima wenyewe.

Siku ya pili ya mashindano, kuanzia mita 3,000 hivi, achana na saa ya mkononi. Kipimo chako ni sentensi. Ukiweza kusema sentensi kamili bila kukatika, endelea. Ukikatika, tembea. Mwinuko mkali utembee kwa hatua ndefu, mikono ikisukuma mapaja. Watu wengi hupitwa pale na anayetembea, kwa sababu tofauti ya kasi ni ndogo na tofauti ya pumzi ni kubwa.

Kifaa kile cha kubana kidoleni kupima oksijeni kisikutawale. Uyole kitasoma kama 95, Kitulo kama 92, kule juu kinaweza kusoma 85 na ukawa mzima, na kidole chenye baridi hutoa namba za ovyo. Tazama mtu kwanza. Kichwa kinachouma kidogo na kupoa kwa maji, chakula na parasetamoli, baki hapohapo ulipo, usipande hadi kipoe. Kichwa kinachozidi pamoja na kutapika, shuka. Mtu anayeyumba kama mlevi, asiyeweza kutembea mstari mmoja kisigino kwa kidole, au anayejibu mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Mtu anayehema akiwa amekaa, anayekohoa, mwenye midomo ya bluu au makohozi yenye povu la waridi, mapafu yake yanajaa maji. Hao wawili hawasubiri asubuhi, hawaachwi peke yao, na hawashuki kesho. Wanashushwa sasa hivi, usiku au mvua, angalau mita 300 hadi 1,000, huku oksijeni na gari vikitafutwa. Na ukipata homa Kitulo au safarini, usiisingizie hewa ya mlima. Pima malaria siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, mambo haya hayafai kujibiwa kwa maandishi, yanataka uonwe na daktari ana kwa ana: umewahi kuzimia au karibu kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi, kifua kinabana ukipanda, mapigo yanaruka ovyo, una pumu au presha, kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au huenda una ujauzito. Moja tu likikuhusu, simamisha Jumanne na Alhamisi zako hadi upimwe moyo.

Kama hakuna, basi kazi ya kwanza si Jumanne ijayo. Kazi ya kwanza ni feritini, wiki hii. Ghala lililopungua huchukua kama wiki 8 kujaa kwa vidonge, na wewe una wiki 10 tu kabla ya usiku wako wa kwanza Kitulo.